Ukungu Uliokaa Juu ya Pazia

Msiniamini haraka. Nimehariri video za harusi tangu enzi ya deki mbili na waya mpaka zilipokuja kompyuta, na nawaambieni kwamba mhariri ni shahidi mbaya kuliko wote. Harusi hakuhudhuria, lakini ameitazama mara hamsini, na kila mara ameona kile alichotaka kukiona. Basi hata haya yangu yapimeni kabla hamjayabeba.

Nyinyi vijana mnaokaa mbele ya skrini mkazitupia picha efekti kama mtu anayemwagia wali mchuzi, nawatazama na roho inanidunda. Mimi ni mtu wa kushuku. Mteja akiniambia "malizia tu, hakuna haraka," najua kesho atakuja na shangazi zake watatu. Kompyuta ikiniambia kazi imekamilika, naifungua tena. Hata kaseti ikiwa imeandikwa "tupu" kwa mkono wangu mwenyewe, naitia kwenye deki nione.

Hilo la kaseti nilifundishwa na Bwana Mansour, mwenye studio yetu pale Mkunazini. Yeye alianza na kamera za filamu. Baba yake alikuwa na mashamba zamani. Yeye alirithi kabati moja na tabia ya kukunja mashati vizuri. Nilipoingia kazini, miaka ya themanini inaishia, aliniweka mbele ya deki mbili, moja inacheza, moja inarikodi, akasema:

"Zuhura, kwanza tazama bila sauti. Sauti inakudanganya. Taarab ikiwa nzuri utadhani na picha nzuri."

Nilimsikiliza kwa sikio moja. Wiki ile ile nilirikodi hotuba ya ndoa ya mtu juu ya kaseti iliyokuwa na mechi ya mpira, na kwa kuwa deki ilichelewa kushika, hotuba ikaanza baada ya goli. Baba wa biharusi alikuja kuniuliza kama mtangazaji alikuwa miongoni mwa mashahidi.

Kisha ikaja mashine ya kuchanganyia picha, yenye vitufe vya efekti. Jamani, tulilewa! Picha inapinduka kama ukurasa, picha inaingia ndani ya moyo, moyo unapasuka, yanadondoka maua. Harusi moja ya Kikwajuni, mtaani kwetu, niliitia mioyo arubaini. Bibi yake bwana harusi akatazama mpaka mwisho kwa adabu, halafu akauliza, "Huyu mjukuu wangu ana maradhi ya moyo na mimi sikuambiwa?" Tangu siku hiyo nikapunguza.

Kompyuta ilitufikia miaka ya elfu mbili mwanzoni. Hapo ndipo nilipokutana na jambo ambalo wengi wenu bado hamjalishika vizuri: efekti zina zamu. Unakichukua kipande cha picha, unakitia efekti ya kwanza, ya pili, ya tatu, na programu inazipanga katika orodha, moja chini ya mwenzake. Ya juu inafanya kazi yake kwanza, inaipa ya chini yake ilichokitengeneza, na ya chini haijui kabisa picha ilikuwaje mwanzo. Siku ya kwanza nilitaka picha ya kizee, ile ya rangi ya chai. Nikatia rangi ya chai juu, chini yake nikatia efekti ya kuondoa rangi. Picha ikatoka kijivu kitupu. Nikamlaumu fundi aliyetuuzia skrini. Nilikaa asubuhi nzima nakaza waya kabla sijagundua kwamba nimetia rangi halafu mwenyewe nikaitoa. Nilipozibadilisha zamu, chai ikaja.

Ningelipaswa kutosheka na somo hilo. Lakini mtu hufahamu jambo kwenye rangi akalisahau kwenye uso wa mtu.

Kwenye kamera alikuwa Tatu. Harusi za wanawake huku kwetu, mnajua wenyewe, mwanamme haingii, basi Tatu alikuwa ndiye jicho la studio. Babu yake alikuja kutoka bara kuchuma karafuu, na yeye kazaliwa Ng'ambo, mtoto wa mjini hasa. Mdogo wangu kwa miaka kumi hivi, mchangamfu, mwenye maswali. Maswali yake ndiyo yaliyonifanya nimshuku. Nilikuwa nashuku kila anayeuliza.

Palikuwa na harusi ya binti wa Bi Fatma. Chumba alichopambiwa biharusi kilikuwa kidogo na wanawake wamejaa hadi mlangoni. Tatu hakupata pa kusimama, akafanya akili ya haraka: akaelekeza kamera kwenye kioo kikubwa cha kabati, akaipiga sherehe yote kupitia kioo. Picha ilitoka nzuri kweli kweli. Lakini kioo kinageuza. Kila mtu mle chumbani akawa wa mkono wa kushoto.

Kabla sijaanza kuhariri, alinijia studio mgeni mmoja wa harusi ile. Jina lake Bi Shemsa, shangazi wa biharusi, mwanamke wa miaka thalathini na kitu, mwembamba, amejifunika mpaka nyusi. Alikaa mwisho wa benchi.

"Nimesikia wewe ndiye unayezitengeneza picha," alisema. "Mle chumbani nilivua buibui. Niliimba. Nilisahau kama ipo kamera."

"Hakuna ubaya, Bi Shemsa. Ni kanda ya wanawake."

"Kanda itakwenda Maskati, itakwenda Mombasa. Mombasa yupo mume niliyemkimbia. Nina mtoto wa kike, miaka minane, tumejificha shamba, Kizimbani. Tukimbie tena wapi?" Akainua mkono wa buibui kidogo, nikaona kiwiko kilichounga vibaya. "Nifute uso, dada yangu. Nifute kabisa."

Watu husema kanda ya wanawake haitazamwi na wanaume. Mimi sikuliamini hilo hata siku moja. Nikamuahidi.

Vipande alivyoonekana vilikuwa kumi na moja. Katika vyote alikaa upande wa kushoto wa picha, na upande wa kulia palikuwa na pazia la kijani. Nilichukua kipande kimoja, nikatia efekti ya ukungu, duara linalofunika uso wake, nikalirekebisha mpaka hata mama yake asingemjua. Kesho yake Bi Fatma akaja kutazama kazi, akaona anamlisha mwanawe halua kwa mkono wa kushoto. Alipiga ukelele.

"Mie? Kwa shoto? Mbele ya wakwe?"

Akasimama nyuma ya kiti changu, akawa ananihesabia mikono. Nikatia efekti ya kugeuza picha, kulia kuwa kushoto na kushoto kuwa kulia, mikono ikarudi sawa. Akafurahi. Halafu nikanakili ukungu kwenye vipande vyote vya Bi Shemsa, nikatia na kugeuza kwenye vile ambavyo havijageuzwa. Nikatazama cha kwanza, nikatazama cha mwisho. Uso umefunikwa. Bi Fatma anataka CD zake kabla ya Ijumaa, wageni wanasafiri. Nikamkabidhi.

Siku mbili katikati ya kazi hiyo sikuwepo, nilikuwa msibani. Tatu ndiye aliyekaa na kompyuta. Nilipotoka msibani aliniuliza, "Bi Zuhura, huyu bibi mwenye ukungu kwa nini anajificha?" Nikamwambia si shughuli yake. Lakini swali lile nikaliweka.

Baada ya miezi kama mitatu, saa nne za asubuhi, aliingia studio bwana mmoja. Shati limepigwa pasi, ananukia udi, anazungumza kwa upole mkubwa.

"Assalaam alaykum. Nimeona kazi yenu, mashaallah. Nataka na harusi ya mdogo wangu mnitengenezee nyinyi." Akatoa CD mfukoni. "Nioneshe pale chumbani kwa biharusi. Pamenivutia."

Nikaiweka. Vipande vikapita, kimoja, viwili, vitatu. Kisha nikamuona Bi Shemsa. Uso wake wote, umefunguka, anacheka, nywele zimesukwa, upande wa kulia wa picha. Na upande wa kushoto duara la ukungu limekaa pale pale, limefunika pazia la kijani. Sekunde nne, labda tano.

Yule bwana hakuwa anatazama skrini. Alikuwa ananitazama mimi.

"Huyu bibi anafanana na jamaa zangu," alisema. "Anakaa wapi?"

"Sisi tunapiga picha tu, bwana. Wageni hatuwajui."

"Mnawajua," alijibu, bado anatabasamu. "Hivi vipande vyengine mmemficha. Mtu hafichi asichokijua." Akachukua CD yake, akaikunja katika leso. "Mji wenyewe mdogo. Nitauliza."

Alipotoka, Tatu alikuwa kishasimama. Alisikia kila neno kutoka chumba cha nyuma.

"Niache niende mie Kizimbani. Nyumba naijua."

Nikamgeukia. "Unaijuaje? Nani kakwambia kama anakaa Kizimbani?"

"Siku ya harusi nilimsindikiza. Alikuwa na mtoto kalala mabegani."

"Kaa hapo hapo," nilimwambia. "Usitoke. Usimpigie mtu simu. Nakwenda mwenyewe."

Mnaona alivyo mtu wa kushuku? Moto unawaka, yeye anamuuliza mwenye ndoo kaipata wapi. Nilikodi gari, nikafika Kizimbani, na nyumba sikuijua. Nilizunguka kwenye mashamba ya viungo, namuuliza huyu, namuuliza yule, na kila niliyemuuliza aliniangalia kwa shaka, kwani Bi Shemsa alikuwa kishawaomba wasimwambie mgeni yeyote. Nilipoteza zaidi ya saa. Nilipofika hatimaye, mlango umefungwa na barazani wamekaa wanawake sita wa shambani, wamepakata visu vyao vya kumenyea mdalasini. Katikati yao amekaa Tatu. Vespa ya kaka yake imeegemezwa ukutani.

"Bi Shemsa na mtoto wapo kwa sheha," aliniambia. "Nimewapeleka."

Ningelimkumbatia. Badala yake nikajiambia moyoni: kafikaje kabla yangu? Mtu anayeijua njia hivi, ameshaipita mara ngapi, na amempeleka nani?

Yule mume alifika alasiri. Alipaza sauti kidogo, akataja sheria, akataja haki ya baba. Wanawake wale hawakunyanyuka wala hawakumjibu. Mmoja alihamisha kisu kutoka mkono mmoja kwenda mwengine, basi. Akapanda gari akaondoka. Siku ya pili sheha, mkuu wa serikali pale kijijini, alimchukua Bi Shemsa kwa kadhi, na kesi ilianza pale. Ilichukua miezi. Mwisho wake alipata talaka yake na mtoto akabaki kwake, alhamdulillahi. Lakini mama mwenyewe aliniambia kwamba kwa muda wote ule, kila ikikaribia magharibi, yule mtoto aliburura mchi na kinu mpaka nyuma ya mlango, na hakukubali kula kabla ya hapo. Miaka minane. Kinu kizito kuliko yeye.

Asubuhi baada ya siku ile ya Kizimbani nilimwita Bwana Mansour, nikamkalisha mbele ya kompyuta, na Tatu nikamsimamisha pembeni. Nikafungua kazi ile. Katika vipande vinane, orodha ilikuwa hivi: ukungu juu, kugeuza chini. Uso unafunikwa kwanza, kisha picha inageuzwa pamoja na ukungu wake, na uso unabaki umefunikwa. Katika vipande vitatu vya katikati ilikuwa kinyume: kugeuza juu, ukungu chini. Picha inageuka kwanza, uso unahamia kulia, halafu ndipo ukungu unakuja, unakaa kushoto ulikoambiwa, juu ya pazia.

"Mashine haipangi yenyewe," nilisema. "Kuna mtu kazibadilisha zamu. Na siku mbili mimi sikuwepo."

Tatu alinitazama kwanza kama hajasikia.

"Unasema mie?"

"Kaka yako anakwenda Mombasa kila mwezi. Ulikuwa unauliza habari za Bi Shemsa. Nyumba yake ukiijua."

"Bi Zuhura," alisema, "mie hata hiyo orodha siijui inafunguliwa wapi. Siku mbili zile nilikuwa nacheza karata kwenye hiyo kompyuta. Uliza nilicheza mara ngapi, nitakwambia. Hilo sikulifanya."

"Wanaofanya hawasemi."

Hakulia, na hilo nalo nililihesabu dhidi yake. Alilitoa begi la kamera, akaliweka mezani. Akatoa betri, akaitia mahali pake. Akakunja waya. Akafuta lenzi kwa kitambaa, akaiziba kifuniko. Akamuaga Bwana Mansour kwa heshima, mimi hakuniaga.

Bwana Mansour alisema neno moja tu: "Una hakika?"

"Ninayo," nikajibu.

Ikapita karibu mwaka. Tulipata msichana mwengine wa kamera, na yeye nikamshuku, akaondoka. Nikaanza kufunga kompyuta kwa neno la siri. Bi Shemsa nilimtembelea mara mbili, na mara zote nilimwambia kwamba aliyemfanyia ubaya ni Tatu, na ameshaondoka.

Halafu siku moja, mchana mkavu kabisa, nilikuwa nahariri safari ya shule. Vipande viwili vilikuwa vimegeuzwa tayari. Nikanakili efekti ya mwanga kutoka kipande chengine, nikaibandika juu ya kimoja cha vile vilivyogeuzwa. Na macho yangu yakaona, polepole kama mtu anavyoona jina lake kwenye karatasi ya mwenziwe: efekti niliyoibandika imekwenda kukaa mwisho wa orodha, chini ya kugeuza. Hakuna aliyeipeleka huko. Kila unachokibandika kinakwenda chini ya kilichokuwepo.

Niliifungua ile kazi ya harusi. Vile vipande vitatu vyenye makosa ni vipande gani? Ni vile vya Bi Fatma anamlisha mwanawe halua. Vile nilivyovigeuza kwanza, yeye amesimama nyuma yangu ananihesabia mikono, kabla sijanakili ukungu. Vipande vinane vyengine nilitia ukungu kwanza nikageuza baadaye, ndiyo maana vikatoka salama. Na katika kutazama, nikatazama cha kwanza na cha mwisho. Vile vitatu vilikuwa katikati.

Nilikaa pale mpaka adhana ya adhuhuri ikapita na sikuisikia.

Nawaambieni wanangu la kazi, kwa sababu hilo angalau nina haki ya kulisema: ukinakili efekti kutoka kipande kimoja kwenda vyengine, ifungue orodha ya kila kipande uone nani yuko juu ya nani. Kila kipande, si cha kwanza na cha mwisho. Ukungu wa kuficha mtu uweke juu kabisa, kabla ya kugeuza, kabla ya kukuza, kabla ya kusogeza. Ukimaliza, toa CD yenyewe, itie kwenye deki nyengine, itazame yote bila sauti. Na mteja aliyesimama nyuma yako mwambie akae nje. Mimi nilishuku kila kitu isipokuwa mkono wangu.

Tatu alikuwa anafanya kazi Kendwa, katika hoteli moja, upande wa kufua. Nilimkuta anaanika mashuka. Alinyoosha shuka mpaka mwisho kabla hajaniangalia.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu." "Nimekuja kukwambia kuwa ni mimi. Si wewe. Ni mimi niliyekosea zamu, na nikaitoa ile CD bila kuitazama. Nimehakikisha."

Alichukua shuka jengine. "Umejua lini?"

"Juzi."

"Na Bwana Mansour umeshamwambia?"

"Bado."

"Na Bi Shemsa?"

Nikatikisa kichwa.

"Kwa hivyo mpaka leo Bi Shemsa anadhani ni mie." Alisema hivyo taratibu, kama anayesoma. "Yule mtoto wake akiniona njiani hukimbia, Bi Zuhura. Sikuwa najua kwa nini."

Nilisema yote ambayo mtu husema. Nilimwambia Bwana Mansour anamhitaji, nilimwambia hakuna aliyeshika kamera kama yeye tangu alipoondoka, na hilo lilikuwa kweli. Alinisikiliza huku anabana vibanio, kimoja kila ncha.

"Nenda kwa Bi Shemsa leo hii hii," alisema mwisho. "Kabla hujafika kwako. Mwambie mbele ya mtoto. Ukishafanya hivyo, mie nimekusamehe, na Mungu ni shahidi."

"Na kazi?"

"Kurudi, hapana. Mimi siku ile nilikuwa natetemeka, nimetoka kumbeba mtoto wa mtu kwenye vespa, na wewe ulikuwa unanitazama kama mwizi anavyotazamwa na polisi. Siwezi kufanya kazi mbele ya macho yale."

Alinisindikiza mpaka barabarani, mikono yake ikinuka sabuni. Gari lilipokuja alimwambia dereva, "Huyu bibi mteremshe njia ya Kizimbani, si mjini," akangoja mpaka nikakaa, kisha akarudi kwenye mashuka yake.